Virusi vya malengelenge ya mdomo huingiaje ndani ya seli?

SWALI: Dokta, aksanti kwa ukurasa wako. Kila nikiugua malaria, malengelenge hunitoka pembeni mwa mdomo. Nyumbani wanasema ni homa inayotoka. Binti yangu anayesoma biolojia anasema ni virusi vya herpesi, na kwamba proteini zilizo juu yake ndizo zinazoviingiza mwilini. Zinafanyaje? Na tena, dada yangu amejifungua juzi; naweza kumbeba mtoto?
Mama M., Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama M., binti yako amesema kweli. Homa haileti virusi hivyo, inaviamsha tu. Huwa vimelala miaka mingi katika fundo la neva za uso.

Kuhusu kuingia nitakwenda polepole, maana hakuna somo ninalopenda zaidi kuwafundisha wauguzi wangu. Virusi vya herpesi vimevaa utando wa mafuta, na seli yako nayo ina utando wa mafuta. Tando hizo haziungani zenyewe, ni lazima zilazimishwe. Virusi vya mafua vina proteini moja inayoshika seli na kuunganisha tando. Herpesi imegawa kazi.

Kwanza proteini zake mbili ziitwazo gC na gB hushika nyuzi za sukari zilizo juu ya seli. Hapo virusi vimenata tu. Kisha proteini nyingine, gD, hutafuta kipokezi, yaani proteini ya seli inayoweza kushikwa nayo, hasa nektini-1, ambayo seli za ngozi na za neva huitumia kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ikikipata, gD hubadilika umbo na kuziamsha proteini gH na gL, jozi isiyoachana, nazo huiamsha gB. Hii gB ndiyo yenye nguvu: ni nakala tatu zilizoungana, zenye ncha zinazopenda mafuta. Hujinyoosha, huchoma ncha hizo katika utando wa seli, halafu hujikunja kama kisu cha kukunja huku mizizi yake ikibaki kwenye utando wa virusi. Tando mbili huvutwa mpaka zinakuwa moja, tundu hufunguka, na kifuko chenye DNA hupita kwenda kwenye kiini cha seli.

Mwaka 2006 umbo la gB lilipochapishwa, lilionekana kufanana mno na la proteini ya virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, ingawa jamii hizo ziko mbalimbali kabisa. Mimi hilo bado linanishangaza.

Dawa ya aciclovir haizuii hatua hizo hata moja. Huzuia virusi kunakili DNA vikishaingia, kwa hiyo ianze mara tu mdomo unapowasha, usingoje malengelenge.

Mtoto sasa, na hapa nakusihi. Kwa mtoto mchanga virusi hivi vinaweza kufika ubongoni na kuua. Ukiwa na malengelenge usimbusu wala usimsogeze usoni pako, mpaka magaga yakauke na kuanguka. Nawa kwa sabuni kila ukigusa mdomo. Sabuni huvunja ule utando wa mafuta, na bila utando proteini zile hazina pa kushikilia. Akipata homa, akikataa kunyonya au akitoka lengelenge hata moja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba nyumbani kuna mwenye malengelenge ya mdomo.