Sukari Ilipopanda, Kashata Zangu Hazikupungua

Binti mmoja wa Kahama ameniandikia: "Shikamoo mama. Nina mtaji kidogo, nataka kufungua duka la vitamu kama lako, ila watu wananiambia hiyo ni biashara ya watoto, nitakufa nayo njaa. Unanishauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Neno hilo nimelisikia tangu nilipoweka meza yangu ya kwanza hapa Pangani, na walioniuma nalo zaidi ni ndugu zangu wa damu. Biashara hiyo ya watoto imesomesha wanangu na imeezeka nyumba ya mama yangu. Nalisema kwa sauti, wasikie.

Nauza kashata za nazi na za njugu, visheti, gubiti, ubuyu, na halua sikukuu zikikaribia. Nazi kwetu si shida, Pangani ni mji wa minazi. Mbegu za ubuyu naletewa kutoka Dodoma. Duka liko jirani na shule ya msingi, kwa hiyo shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020 hadi mwishoni mwa Juni, sinia zangu zilibaki zimejaa. Ndipo nikawafuata wauza kahawa. Kahawa chungu ya barazani inataka kitu cha kutafuna. Asubuhi nawapa kashata, usiku wananiletea hesabu. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Aprili na Mei, watu wakitoka tarawehe wanakaa kwenye kahawa, nami nikavuka. Mpaka leo wauza kahawa wananichukulia mzigo mkubwa kuliko wanafunzi.

Lakini mtihani wenyewe ulikuja mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika nchi nzima. Januari ikatangazwa bei kikomo ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Madukani tukaambiwa 4,000, ukirudi kesho imepanda tena. Mfanyabiashara mmoja wa jumla, niliyemnunulia miaka mingi, alinitazama usoni akaniambia hana hata kilo. Sijafika mbali nikaona mifuko inatolewa stoo kwake inapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Sikumsema popote, ila kwake sikukanyaga tena, na moyo wangu bado haujapoa.

Wenzangu wengi walipunguza. Kashata zikawa nyembamba, ubuyu ukatiwa rangi na pilipili nyingi ili mtu asigundue kwamba sukari hamna. Mteja haambiwi kitu, na mtoto analipa pesa ileile. Mimi nilipandisha bei waziwazi. Kila asubuhi niliandika kwa chaki mlangoni bei niliyonunulia sukari, na chini yake bei ya kashata. Mtu akisoma anaelewa, hata akinuna. Gubiti nikaacha kuzipika kabisa, maana gubiti ni sukari tupu, na sikuwa tayari kumuuzia mtoto kipande cha kumdanganya.

Basi akaja mama mmoja mwenye harusi ya bintiye, na sukari aliyoletewa na mwanawe kutoka Tanga. Akaniambia, "Bi mkubwa, sukari hii, nazi hizi. Nipikie, nikulipe mkono." Nikampikia akiwa amekaa hapo hapo jikoni, na sukari iliyobaki nikampimia akaondoka nayo. Habari zikaenda mjini. Ramadhani ilipoingia Machi, watu walikuwa wananiletea vifurushi vyao, mwingine kilo, mwingine nusu kilo, naandika majina kwenye daftari. Faida ilikuwa ndogo, lakini jiko langu halikuzima hata wakati wenye maduka makubwa kuliko langu walifunga. Na waliniletea mimi kwa sababu walijua sukari yao haitapungua mikononi mwangu.

Ndugu zangu mnaotaka kupendwa na wateja, kipimo ni amana. Usipunguze kipimo. Bei ikipanda, iseme. Mungu anaona mizani, na mteja naye anaona, hata akinyamaza. Vijana wa siku hizi mnakimbilia mabango na taa za dukani, wakati mtoto wa darasa la pili anajua kabisa kashata ya jana ilikuwa nene kuliko ya leo. Atamwambia mama yake. Mama atawaambia wenzake msibani na arusini. Usipunguze kipimo.

Sasa binti yangu, kuhusu Kahama. Usianze na nazi, huko zinafika na gharama ya safari. Anza na karanga, hizo mnalima. Sukari iache kwenye moto mpaka ukiigusa kwa mwiko inavuta uzi. Ukiiwahi, kashata haitashika. Ikate ingali ya moto, ikipoa itakuvunjikia. Kipindi cha mvua kashata za karanga hulainika upesi, zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Chumba cha kupanga stendi bado, weka meza karibu na shule kwanza na utafute wauza kahawa wawili watatu. Ukifikia kuzifunga na kuzipeleka kwenye maduka ya watu, nenda SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wakuelekeze. Mjasiriamali mdogo aliyepitia kwao hupewa alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, bila kulipia kwa miaka ya mwanzo. Na ukikwama kwenye huo uzi wa sukari niandikie tena, nitakurekodia video nikiwa jikoni.