Wiki mbili Japani: anza na kalenda, si tiketi

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi, na orodha yako ina miji minane kwa siku kumi na nne. Ikate ibaki mitatu. Safari ndefu ya ndege hula siku mbili, na saa za mwili zikivurugika utazinduka saa tisa usiku huku macho makavu. Mimi siku ya kwanza nililipia matembezi ya asubuhi. Nililala hadi mchana, hela ikaenda.

Chagua tarehe kwanza. Sakura, yaani maua ya micheri, huchanua Tokyo mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, na vyumba hupanda bei. Wiki ya sikukuu inayoanzia mwisho wa Aprili ikwepe kabisa, Wajapani wenyewe huwa safarini. Juni ni mvua. Novemba ndiyo naipenda: baridi ya wastani, majani mekundu Kyoto.

Kuna pasi ya treni ya siku saba (Japan Rail Pass), tiketi moja ya kupanda treni nyingi nchini kote; usiinunue kwa mazoea. Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, ilhali Tokyo hadi Kyoto kwa treni ya kasi, kwenda tu, ni takriban yeni 14,000. Piga hesabu ya njia zako.

Halafu dawa: za mafua zenye sudoefedrini (kiambato cha kuzibua pua) zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia. Soma maboksi kabla ya kufunga begi. Viza na pasipoti shughulikia kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa.