Picha ya aliyepewa ni ya nani? Barua kwa mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, nikaona nimalize kwanza mkeka wa watu ndipo nikujibu kwa utulivu. Umeniuliza mambo mawili. Kadi unazotengeneza kwa kubandika picha zako za ziwa juu ya vipande vya kitenge, na kofia za watoto unazofuma, uzigawe kwenye wodi ya watoto njiti au uuze upeleke fedha? Na la pili: wateja wako huko Dar es Salaam wanataka kuwaona kina mama waliosaidiwa ndipo waamini. Uwapige picha?

La kwanza ni jepesi. Kofia gawa, kadi uza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtunzia joto, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto jingi hupotelea huko. Ila usifume kofia hata moja kabla hujamuuliza muuguzi kiongozi wa wodi wanataka vipimo gani, pengine wana kofia tele na wamepungukiwa mablanketi. Uzi uwe wa pamba, laini. Usitie kifungo wala shanga, vinang'oka vikaingia mdomoni.

Kwenye kadi usiandike "sehemu ya mapato", maneno hayo hayana kipimo. Andika: kadi hii Sh 5,000, wodi Sh 2,000. Zinazobaki ni za kusafisha picha, gundi, nauli na jasho lako, wala usione haya kuzichukua. Ukipeleka fedha, dai stakabadhi.

La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Mwaka aliofariki baba yako, walikuja watu na unga, mafuta na madaftari. Ulikuwa na miaka minne, umeshika kanga yangu. Tulipangwa mstari, tukaambiwa tushike mifuko mbele ya kifua tutabasamu. Nilitabasamu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga. Miezi ikapita, jirani akaniletea kalenda: mimi na wewe tulikuwa mwezi wa Tisa. Ule unga tuliula wiki mbili ukaisha. Kalenda ilikaa kwenye kuta za watu mwaka mzima. Hakuna aliyeniuliza jina langu, wala aliyeniletea nakala. Kumkumbusha mtu wema uliomtendea hadi aone aibu, Waswahili tunaita kusimbulia, na mwanangu, mtu anaweza kusimbuliwa na picha bila mtoaji kufungua mdomo.

Sasa itazame picha ya bibi yako pale sebuleni. Alikuwa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, akianika dagaa, akapita kijana na kamera ya mkanda. Alimsalimu, akamwomba, bibi akajifunga kanga vizuri ndipo akapigwa. Mkanda ulikuwa na picha 36, akatoa moja kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Baada ya miezi bahasha ikaja kwa treni. Yule kijana aliilipia picha kuisafisha, akalipia na stempu. Ndiyo picha pekee ya mama yangu duniani.

Kwa hiyo simaanishi uiache kamera. Naomba picha iwe zawadi, isiwe risiti. Mpiga picha wa Marekani, Jeremy Cowart, alianzisha mwaka 2009 mpango wa Help-Portrait kwa wazo hilo: wapiga picha wanawapiga picha watu wasio na uwezo, wanaichapa, wanamkabidhi mwenyewe. Nawe fanya hivyo. Mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani na mwanawe, kama anataka, mpige, umpe picha iliyochapwa ndani ya fremu ya ukindu. Usibaki nayo ya kuonyesha watu.

Utaniambia wengine watakubali wenyewe. Mwanangu, mama aliyelazwa na mtoto wa kilo moja na nusu atakubali lolote kwa yule aliyeleta kofia. Kukubali huko usikuhesabu. Tuna hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za mgonjwa zimo humo, lakini nataka ufanye hivi hata kama sheria isingekuwepo.

Wateja waonyeshe mikono yako ikifuma, kofia zilizopangwa, stakabadhi, taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Asiyeamini mpaka aone uso wa mwenye shida, mwache aende.

Fremu zinunue kwa kina mama wa Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, waanikaji wa huko walikosa cha kuanika, wakarudia kusuka. Walipe bei kamili bila kuwaombea punguzo kwa jina la sadaka. Ile bei nayo inalisha watoto.

Ukindu nimeshauchemsha na rangi, nyekundu na zambarau, umekauka. Kili, yaani mikanda ya ukindu, za fremu tatu nimeshazisuka, kushona nakungoja wewe. Ukija likizo usisahau kamera: picha ya bibi yako imeanza kuliwa na unyevu pembeni, upande wa mkono wenye ungo. Ipige kabla haijafika usoni.

Mama yako