Hesabu mizani kabla hujamhukumu mtu: kwa wadogo zangu mnaoanza uhakiki

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenye kikao chetu cha kuhakiki mashairi nimekasirika, nikatembea kwa miguu hadi Jamatini huku upepo ukinijaza vumbi machoni, na hata nilipokaa ndani ya daladala nilikuwa bado nabishana kichwani. Mliokuwepo mnajua kilichotokea. Kijana wa mwaka wa pili alisimama kuhakiki mashairi ya mwenzenu wa mwaka wa kwanza. Akasema ni takataka. Akasema ushairi huru, ule usiofuata vina wala mizani (idadi ya silabi katika mshororo), ni kichaka cha wavivu, na mshairi Kezilahabi naye akamtia humohumo. Nilipomuuliza amesoma mashairi mangapi kati ya yale ishirini na mawili, akajibu manne, yale yaliyotumwa kwenye simu. Halafu akapendekeza binti aondolewe kwenye orodha ya watakaosoma mwezi ujao. Binti alikuwa ameshafunga daftari lake na kuondoka.

Nawapenda, na ndiyo maana sikunyamaza. Makosa haya nayaona kila mwaka bumu, zile fedha za mkopo wa wanafunzi, likitoka na wageni wakiingia, na moja kati yake nililifanya mimi mwenyewe, tena vibaya kuliko yenu. Kaeni tuzungumze.

1. Maliza kitabu. Mashairi ishirini na mawili yanasomeka kwa saa moja, na asiye na saa moja ya kusoma asisimame kuhakiki.

2. Ujue ugomvi unaoutaja ulihusu nini. Kwenye semina mnataja "Achebe na Ngũgĩ", mwandishi wa Nigeria na mwandishi wa Kenya, kama mtu anavyotaja Simba na Yanga, kwamba lazima mmoja aondoke amefungwa. Madesa yenu, zile nukuu za masomo mnazopeana, yana mistari miwili tu: Achebe alitetea Kiingereza, Ngũgĩ akakikataa. Someni kilichotangulia. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walikutana Makerere. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi palepale, ana mswada wa riwaya mkononi. Alimpa Achebe, ambaye alikuwa ameshajulikana kwa ile riwaya ya 1958 tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Achebe akausoma, na mwaka 1964 ukatoka kitabu katika mfululizo wa Heinemann ambao Achebe ndiye aliyekuwa mhariri wake. Mwaka 1963 mhakiki wa Nigeria, Obi Wali, aliandika kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za Ulaya imeingia njia iliyoziba mbele, na Achebe akajibu kwamba Kiingereza kikikunjwa kinaweza kubeba mzigo wa Mwafrika. Miaka ikapita. Ngũgĩ akawekwa kizuizini Desemba 1977 baada ya tamthilia ya Kikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, akatoka Desemba 1978, na mwaka 1986 akamkosoa Achebe kwa jina lake kitabuni. Alimkosoa mtu aliyemsomea mswada alipokuwa hajulikani! Lakini msomaji anaweza kuweka maandishi ya wote wawili mezani akayapima, kwa sababu kila mmoja aliandika hoja yake na kuiacha hadharani.

Na kuna jambo moja ambalo kila mwaka nalisema na kila mwaka linasahaulika: Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Kwa kigezo cha mkutano ule, mwanafunzi mwenye hadithi chache za Kiingereza alistahili kiti na Shaaban Robert hakustahili. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeonyesha hilo baadaye. Mkilijua hilo, hoja yake inawachoma hata kama hamkubaliani naye.

Soyinka, mwandishi mwingine wa Nigeria, pia mnamtaja mnapotaka kuhalalisha matusi. Ni kweli, mhakiki Chinweizu na wenzake wawili walipomshutumu kwamba ushairi wake ni mafumbo yanayowafuata Wazungu, mwaka 1975 aliwajibu kwa makala iliyowahusisha na Tarzan. Maneno yalikuwa makali. Lakini ukiondoa ukali, hoja inabaki. Ukiondoa ukali kwenye uhakiki wa Jumamosi, karatasi inabaki nyeupe.

3. Hesabu kabla hujashtaki. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa mwaka wa tatu, chuo kimojawapo hapahapa Dodoma. Mwalimu mmoja mstaafu, simtaji, alikuwa amechapisha diwani yake kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Nakala mia mbili. Klabu yetu ya fasihi ilimwalika, na mimi nikapewa kazi ya kuandika uhakiki utakaotangulia ziara yake. Kitabu nilikaa nacho wiki mbili. Wakati huo nilikuwa nimesoma Kichomi, diwani ya ushairi huru ya Kezilahabi, mara tatu mfululizo, nimelewa nacho, na kila mzee wa vina na mizani nilimwona kama askari wa zamu aliyetufungia mlango. Sikufungua diwani ile nisikie inasema nini. Niliifungua nikitafuta mahali mlinzi wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, amevunja arudhi yake mwenyewe.

Usiku mmoja, kwa tochi ya simu, nikadhani nimepapata. Mshororo ulikuwa huu: "Mtu mzima shambani, hamtukani mwenzake." Nikahesabu kwa vidole. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani sita; utao, nusu ya pili, mizani saba. Nikahesabu tena, sita na saba. Niliruka kitandani kwa furaha. Nikaandika kurasa mbili zenye kichwa kinachosema mlinzi amelala lindoni, nikatoa kopi thelathini steshenari, moja nikaibandika ubaoni, nyingine zikagawiwa. Zikafika mbali kuliko nilivyotaka. Mwalimu wa sekondari moja aliyekuwa ameagiza nakala arobaini kwa ajili ya wanafunzi wake alisoma kopi ile, akasitisha oda.

Siku ya kikao mzee alikuja mapema kuliko sisi. Tulimwamkia, akaitikia kila mmoja. Ilipofika zamu yangu nikasoma uhakiki wote mbele yake, sauti juu. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, nisomee tena mshororo ule, polepole." Nikausoma. Akauliza, "Mtu ni mizani mingapi?" Nikajibu: mmoja.

Ukumbi ulinyamaza. Wenzangu wawili watatu waliinamisha macho, kwa sababu walishajua. Mzee akaweka kidole mezani akagonga: m, tu, m, zi, ma, sha, mba, ni. Nane. Akaendelea: ha, m, tu, ka, ni, mwe, nza, ke. Nane. Akasema, "M hapo ina pumzi yake yenyewe." Halafu akakaa.

Hilo linafundishwa sekondari. Nilikuwa nimelijibia mtihani na kupata alama zote, nikalisahau, kwa sababu niliona mizani ni mambo ya wazee, hayanihusu. Nilitaka kuwavunjia wenye nyumba nyumba ambayo sikuwa nimeingia hata sebuleni.

Na kosa kubwa halikuwa lile la kuhesabu. Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale, mbele ya watu walewale, "Mwalimu, nimekosea, nisamehe." Sikusema. Nilisema, "Hata hivyo, ubeti wa tisa nao una matatizo." Ubeti wa tisa nilikuwa sijausoma. Nilibuni tatizo ili nisikae chini nimeshindwa. Mzee alinitazama tu, akafungua kitabu chake ukurasa ule, akausoma kimyakimya, akilitafuta kosa ambalo mimi mwenyewe nilijua sijaliona. Hadi leo nikisikia mtu anasema "hata hivyo" kwenye semina, tumbo linanikaza.

Wiki tano zilipita kabla sijaandika masahihisho. Nusu ukurasa. Niliyabandika ubaoni pale ulipokuwa uhakiki, lakini oda ya zile nakala arobaini haikurudi. Nikaenda nyumbani kwake. Alinikaribisha, mama akaniletea karanga na chai ya tangawizi, na muda wote nilikuwa naona maboksi ya vitabu yamepangwa ukutani, mengine hayajakatwa hata utepe. Nikaomba radhi. Akasema ameshasamehe, ila kuna kitu kimoja kilimkera: nilikuwa na kitabu chake wiki mbili, na namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa nyuma ya jalada, lakini sikupiga kuuliza. Kisha akachukua nakala yake mwenyewe akanionyesha ubeti wa nne wa shairi lingine. Kwenye uhakiki wangu nilikuwa nimeandika, katika sentensi moja iliyojificha, kwamba taswira za ubeti ule zimechakaa. Alikuwa ameufuta kwa penseli na kutunga mwingine pembeni. "Hapa ulisema kweli," akaniambia. Hakuna mtu mwingine aliyeiona sentensi ile, maana nilikuwa nimeifunika kwa kelele.

4. Usiombe mwenzako anyamazishwe. Hili la orodha ndilo lililonikasirisha zaidi Jumamosi, kuliko lile neno takataka. Mwiteni mtu mvivu wa taswira, mwambieni mshororo wake umelala. Mkishaanza kutafuta nani amwondoe, mmeacha uhakiki na kwenda kumtafuta polisi.

Na tazameni historia ya ugomvi huuhuu wa vina na ushairi huru, ambao mnaushabikia bila kuujua. Upande mmoja kuna kanuni za kutunga mashairi alizoandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, na kuna Abdilatif Abdalla, mtetezi wa arudhi hasa. Abdilatif mwaka 1968 aliandika karatasi ya kuuliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, kwa vina na mizani kamili, yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Upande wa pili kuna Kezilahabi, aliyevunja vina na mizani katika Kichomi mwaka 1974. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwetu kwa kipindi. Basi nani hapo ndiye wa kale na nani ndiye jasiri? Aliyeshika sheria za ushairi alifungwa, na aliyezivunja alifungiwa kitabu. Waliowanyamazisha hawakuja na hoja ya mizani hata mmoja. Kwa hiyo msiniletee tena kwamba tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ni woga na ushairi huru ni uhuru, wala kwamba ushairi huru ni uvivu. Soma shairi lililo mbele yako.

5. Andika namba ya ukurasa kila unaponukuu. Lala na uhakiki wako usiku mmoja kabla hujautuma. Angalia chapa, maana waandishi hurekebisha. Rafiki yako akitoa kitabu, sema waziwazi kwamba ni rafiki yako.

6. Acha nafasi ya kujibiwa. Sisi tuko Ugogo, nyumbani kwa Mathias Mnyampala, mtu aliyeeneza ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Ngonjera naipenda, nilizicheza nikiwa shule ya msingi nimevaa sare iliyopigwa pasi ya mkaa. Lakini ina tabia moja ambayo uhakiki hauwezi kuiiga: anayeshindwa anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Yupo ili apingwe, na mwisho akubali. Naona mnahakiki hivyohivyo, mwenzenu mmeshampangia ubeti wa kukubali. Wazee wa malumbano magazetini hawakufanya hivyo. Mtu alipeleka shairi lake gazetini na kusubiri toleo lijalo kwa wasiwasi, hajui atajibiwa nini.

Binti nimempigia simu. Hakutaka kurudi, na sikumlaumu. Tumezungumza karibu saa nzima, mwisho amekubali kuja Jumamosi hii, saa nne asubuhi, palepale chini ya mwarobaini. Atakuwa na dakika kumi kujibu, au kusoma tu mashairi yake kama hataki kujibu. Kijana aliyemhakiki naye nimempigia. Ameshachukua daftari lenye mashairi yote ishirini na mawili, na ameniuliza kama anaruhusiwa kumpigia binti kabla ya siku hiyo, kuna shairi la kumi na tano halielewi. Nimempa namba, binti akiwa ameridhia.