Ukienda Mombasa, Kwanza Uliza Habari za Maji

Juzi dada mmoja wa Ruiru aliniandikia. Ameweka akiba mwaka mzima, Desemba anawapeleka watoto Mombasa kwa mara ya kwanza, na swali lake ni moja tu: tulale hoteli gani? Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena. Swali hilo hilo niliuliza mimi mwaka 2019, na majibu yake bado yananiuma.

Chama chetu cha akiba hapa Donholm, Nairobi, kiligawa pesa mwezi wa kumi na moja. Mgao wangu wote nikampa wakala mmoja wa safari hapa mjini: siku nne, vyakula vyote hotelini, na mashua ya kwenda kuona samaki kwenye matumbawe. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka 6. Usiku wa kuamkia safari ya mashua alilala na miwani ya kuogelea usoni.

Tarehe 27 Desemba, saa nne asubuhi, tukashuka ufukweni. Bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga uliolowa, vidimbwi, majani ya baharini, na mashua yetu imelala ubavu. Nahodha, kijana mpole, akaniambia, “Mama, maji yamekupwa. Hii ni bamvua. Ngojeni mpaka alasiri.” Alasiri gari la wakala lilikuwa lituchukue kwenda kununua vinyago. Mwanangu alikaa pale mchangani na miwani yake mpaka jua likamchoma mabega. Nilipopiga simu Nairobi nikaambiwa mashua ilikuwapo, kwa hiyo safari ihesabiwe imefanyika. Sijarudishiwa hata shilingi.

Niliporudi kazini, mwenzangu aliyezaliwa Mji wa Kale akaniuliza nimeona nini Mombasa. Nikamtajia bwawa la kuogelea. Akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Siku nne nilikuwa Mombasa na Mombasa yenyewe sikuiona.

Basi dada, sikiliza jambo ambalo wakala hakuniambia. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Siku hizo, kule Mombasa, maji huwa yametoka kabisa majira ya saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa jioni kwenye saa kumi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ile tarehe 27 mwezi ulikuwa umeandama jana yake tu. Mvuvi yeyote angeniambia bure. Anayekuuzia mashua ya saa nne bila kukutajia mwezi, usimpe pesa yako.

Na maji yakipwa si hasara, ukijua. Agosti mwaka huu nilirudi na watoto pamoja na mama yangu, ambaye katika miaka yake 71 hakuwahi kupita Mtito Andei, katikati ya njia ya Mombasa. Maji yalipokupwa tulivaa raba tukatembea na mzee mmoja mvuvi mpaka karibu na mwamba. Huyo mwanangu wa miwani, sasa kijana, alipiga magoti kwenye kidimbwi akamtazama kiti cha pweza mwekundu, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akijivuta polepole juu ya jiwe, dakika kumi nzima, bila kumgusa. Nilisimama nyuma yake nikalia kidogo.

Agosti ni kusi, upepo mkali, na mwani hujaa ufukweni. Lakini jua si kali na mama aliweza kutembea. Desemba ni kaskazi: bahari imetulia, joto ni kali, na tiketi za treni huisha mapema, kwa hiyo kata yako sasa. Daraja la kawaida kutoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, ni shilingi 1,500. Jua pia kwamba treni inakuacha Miritini, nje ya kisiwa, na ukichukua gari hapo, patana bei kwanza.

Siku ya kwanza usiende ufukweni. Nenda Fort Jesus, ile ngome ya kale, asubuhi, kabla jua halijapanda. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698 mpaka ikaanguka. Ndani kuna vitu vilivyopatikana kwenye meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama 1697 hapo hapo chini ya ukuta ilipokuja kuokoa waliozingirwa. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela. Mlipe mtembezaji, usijizungushe mwenyewe. Mama hasomi Kiingereza cha vibao, lakini aliposimuliwa njaa na maradhi yaliyowamaliza watu mle ndani, alisimama akiwa ameweka kiganja kwenye lile jiwe la matumbawe, akauliza, “Na watoto walikuwamo?”

Ukitoka hapo ingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Tazama milango iliyochongwa, fika msikiti wa Mandhry uliojengwa yapata 1570, kabla ya ngome yenyewe. Vaa nguo ya heshima, salimia watu kabla ya kuuliza bei, na usimpige mtu picha bila ruhusa. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi alimwambia mama, “Sabalkheri dadangu, keti,” akampa kigoda chake. Wakazungumza juu ya magoti yanayouma kama watu waliojuana miaka. Jioni tulikunywa kahawa tungu kutoka dele la shaba. Hakuna hoteli ingetupa hayo.

Likoni vuka na feri, kwa miguu ni bure. Jioni nenda bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, ule mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu huku meli zikiingia bandari ya Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yake. Sisi watu wa bara tumezoea kwenda Pwani kulala na kula. Tuache hayo. Watoto wako watakumbuka meli, dada, hawatakumbuka shuka.

Siku ya mwisho tulienda ufuo wa umma wa Bamburi, saa kumi, maji yamejaa. Mama alipandisha leso, akaingia mpaka magotini na chupa ya soda mkononi. Akaijaza, akaona ina mchanga, akaimwaga, akajaza tena. Aliipakata mpaka Syokimau. Sasa iko kijijini kwake Machakos, kwenye kabati la vyombo, na jirani akija humpa kifuniko kimoja aonje.