Maswali ya Wasomaji: Kutoka Penseli Hadi Peni

Mwanangu yuko darasa la tatu na ndiyo kwanza ameanza kuandika kwa peni. Kwa penseli mwandiko wake ulikuwa mzuri. Sasa umeharibika, daftari linatoboka, na analalamika kidole kinamuuma. Nimrudishe kwenye penseli? — Mzazi, Morogoro

Usimrudishe, mama. Peni haina kosa. Mkono wake bado unaandika kipenseli. Penseli hukolea kadiri inavyokandamizwa, kwa hiyo mtoto ameshajifunza kwamba herufi haionekani bila nguvu. Nchani mwa peni kuna gololi ndogo, mara nyingi ya milimita 1 au 0.7, inayobiringika na kupaka wino. Ikishabiringika inatosha. Nguvu inayozidi hapo ndiyo inayotoboa daftari na kuumiza kidole.

Angalia pia anavyoilaza. Penseli huandika hata ikilala, lakini peni ikilala sana, ukingo wa chuma unaoshika gololi hukwaruza karatasi na wino hukatika. Isimame kiasi cha nyuzi 60, vidole vikishika sentimita 2.5 hadi 3 kutoka nchani.

Mnunulie ya milimita 1, maana ncha nyembamba hukwaruza zaidi. Kila jioni aandike mistari mitano, kisha ageuze ukurasa na kuupapasa kwa kidole. Akihisi vinundu, bado anakandamiza. Kazi ni kuandika mpaka nyuma pawe laini, na wengi huuchukulia kama mchezo. Mpe wiki mbili tatu.

Kama ana mdogo wake anayeanza shule, huyo mpe penseli ya 2B badala ya HB. Tunaiita kalamu ya risasi, ingawa haina risasi hata chembe: ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hufifia (H); ukipungua, huwa laini na nyeusi (B). Ya 2B huisha haraka, ila mtoto haoni sababu ya kukandamiza. Na ikiwa kila akichonga ncha inadondoka, usilaumu kichongeo kabla ya kuuliza penseli imeanguka sakafuni mara ngapi, kwani huvunjikia ndani kwa ndani.

Peni yangu hugoma katikati ya mtihani ilhali wino ninauona. Wenzangu huchoma ncha kwa kiberiti. Ni sawa? — Kidato cha nne, Tanga

Acha kiberiti. Moto hulainisha plastiki inayoshika ncha, wino unatanuka, na baada ya dakika chache unavujia kwenye karatasi ya majibu.

Peni hugoma kwa sababu tatu za kawaida. Kwanza, jasho: mkono ukiegemea karatasi huacha mafuta, na juu ya mafuta gololi huteleza bila kuzunguka. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Pili, kuandikia ukutani au ukiwa umelala chali. Wino hushuka kwa uzito wake, na peni ikitazama juu, hewa huingia nyuma ya gololi. Tatu, wino uliokauka nchani. Chora viduara kwenye soli ya kiatu au kwenye raba. Ikishindikana, tumbukiza ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, uifute, ujaribu tena. Kile kitobo kidogo ubavuni mwa peni usikizibe kwa stika, maana ndicho kinachopitisha hewa ili wino ushuke.

Mtihani uingie na peni mbili ulizokwisha kuziandikia. Peni mpya kabisa huwa bado haijafunguka.

Nipo chuo mwaka wa kwanza. Nimenunua peni ambayo wino wake unafutika kwa kusugua. Naweza kuitumia kwa kila kitu? — Dodoma

Kwa muhtasari wa darasani, sawa. Kwa mtihani, fomu na hundi, hapana. Wino huo haufutwi na raba; msuguo huzalisha joto, na ukifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi rangi hutoweka. Daftari likiachwa juu ya dashibodi ya gari juani, kurasa zinaweza kubaki nyeupe. Hilo likikupata, lifunge kwenye mfuko usiopitisha maji uliweke ndani ya friza. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hasi maandishi huanza kurudi, pamoja na yale uliyoyafuta makusudi.