Maswali ya Wadau: Tairi za Gari za Spoti

Toleo hili maswali ya tairi yamekuwa mengi mpaka nimeona niyape ukurasa wote, tena wengi mlioandika mna gari za spoti, Subaru, Altezza, Mark X, na mmoja yuko Muscat na Mustang yake (hongera, sisi huku tunaangalia tu). Mengine nimeyapunguza urefu kidogo.

SWALI: Habari za kazi mkuu. Nina Impreza STI ya 2003, tairi za mbele zimekuwa kipara upande wa ndani ila za nyuma kashata (zile nundu za mpira zinazokanyaga lami) bado zipozipo. Fundi wangu anasema ninunue mbili tu za mbele. Kuna jamaa ana Potenza (tairi za Bridgestone) za mtumba toka Japan, pea moja kwa nusu ya bei ya mpya, ubavuni zimeandikwa 3814 sijui ndo nini. Nizichukue? Na je nikiweka zile semi slick (tairi za kukimbizia zenye njia chache za maji) kuna ubaya? Maana wikiendi huwa tunatoka na washkaji.
Mdau, Mbezi Beach, Dar es Salaam

JIBU: Salama mdau. Tuanze na hiyo 3814 maana nusu ya jibu lako iko humo humo. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, fuata huo mstari mpaka mwisho utakuta tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo hizo zimetoka kiwandani wiki ya 38 ya 2014, Septemba hiyo. Wakati mwingine upande wa nje hizo tarakimu nne hazipo, muuzaji atakwambia zimefutika, usikubali, inama uangalie ubavu wa ndani utazikuta. Michelin wenyewe wanasema tairi ikitimiza miaka mitano ya matumizi ikaguliwe kila mwaka, na ikifikisha kumi tangu itengenezwe itolewe tu hata kama kashata zimesimama. Hizo Potenza zimeshavuka huko, na joto letu hili halisaidii, mpira unakauka haraka zaidi. Fanya hivi, kandamiza kashata kwa kucha, mpira mzima unabonyea kidogo na kurudi, uliochoka unagoma kabisa, halafu zichunguze zile njia za maji kwa chini, ukiona vinyufa vidogo kama nywele hapo hakuna tairi, kuna jina la Bridgestone tu.

Sasa la fundi wako. Kwa gari ya kusukuma mbele pekee angekuwa na hoja, tungebishana kidogo, ila hiyo ni Subaru inayozungusha miguu yote minne na ina difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Piga hesabu: tairi mpya ina kashata ya kama milimita 8, yako ya nyuma tuseme imebaki 3. Tofauti ni milimita 5 kwenye nusu kipenyo, ukizungusha duara zima unapata kama milimita 31. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Wewe utakuwa umezidisha mara tano! Maana yake hata ukiwa umenyoosha tu barabara ya Bagamoyo, difu ya kati inadhani unakata kona muda wote, inafanya kazi isiyoisha mpaka ichemke, na bei ya difu ya STI unaijua. Nunua nne, aina moja, saizi moja, siku moja. Kama hela haitoshi nne za jina kubwa, chukua nne za jina la kati zikiwa mpya, hilo ni bora mara mia kuliko mbili za jina kubwa.

Saizi usihangaike, fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Kama rimu ni zake za kiwandani utakuta 225/45R17. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. Nyuma yake kuna kitu kama 91W, watu wanakipita tu wakati ndo cha kukodolea macho. 91 ni uzito ambao tairi moja inabeba, kilo 615, na W ni spidi, mpaka 270. V ni 240, H ni 210. Najua utasema nani anakimbia 270 Dar na foleni hii, lakini herufi ya spidi inabeba pia habari ya joto, tairi ya H kwenye gari yenye turbo na breki za Brembo inachemka mapema na ubavu wake unalegea kwenye kona. Usishuke chini ya kile gari ilichotoka nacho.

Semi slick: nazipenda, sina unafiki hapo, ila sio kwa maisha yako wewe unayeenda nayo kazini. Potenza RE-71RS au Advan Neova AD09 zina namba 200 kwenye maandishi ya TREADWEAR, Pilot Sport 4S ina 300, kadiri namba inavyoshuka ndivyo tairi inavyoshika zaidi na kuisha upesi zaidi (kila kampuni inajipimia yenyewe kwa hiyo usilinganishe kampuni mbili kwa namba moja moja, chukua kama picha tu). Hizi za 200 zinataka zipate moto kwanza ndo zishike vizuri, zina kelele, na njia zake za maji ni chache, sasa fikiria masika ya Aprili, maji yametanda lami yote, unaingia na spidi yako ile ya wikiendi, gari inapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umeng'oka. Mimi ningekupeleka kwenye kundi la Michelin Pilot Sport 5, Goodyear Eagle F1 Asymmetric au Yokohama Advan Fleva, uchague kwa kile dukani walichonacho cha tarehe ya karibuni. Fleva ya mwaka huu naichukua kabla ya Pilot Sport iliyolala stoo miaka minne.

Na kabla hujafunga hata moja, hiyo kuliwa upande wa ndani inakuambia alaimenti (mkao wa miguu) imehama au bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini) zimekufa. Kagua bushi na boljointi kwanza, badilisha kilichochoka, funga tairi, ndo uende alaimenti, kwa mpangilio huo huo. Ukiruka hapo tairi mpya nazo zitaliwa kwa ndani.

SWALI: Shikamoo mzee wa magari. Mimi ni kijana wa Arusha, nimeagiza Altezza RS200 imekuja na tairi nzuri sana kashata nene, zimeandikwa Blizzak, aliyeniuzia alisema hizo ni original za Japan nisizitoe. Ila kwenye kona gari inaogelea na breki inachelewa. Shokapu nimebadilisha bado. Pia nataka rimu 18, inakubali?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Shokapu zako umezionea bure. Blizzak ni tairi ya Bridgestone ya barafu na theluji, ni original kweli, ila original ya Hokkaido. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, ukiupeleka kwenye lami ya saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi, na zile kashata ukiziangalia kwa karibu zina mikato myembamba mingi sana ya zigizaga, kila kashata imechanwachanwa ili iume barafu. Kwenye kona hivyo vipande vinajikunja kila kimoja na njia yake, hiyo ndo "kuogelea" unayosikia. Theluji yetu iko juu Kilimanjaro na huko Altezza haifiki. Zitoe.

Na wengine mnaoagiza Japan msome hapa, kabla hujalipia angalia picha za tairi, ukiona neno STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, jua gari imetoka kwenye baridi na bajeti ya tairi nne uiweke pembeni kabisa. Kashata nene isikudanganye.

Rimu 18 inakubali ukicheza na hesabu. Kama yako imekuja na 215/45R17, kipenyo chake ni kama milimita 625. Ukiweka 215/40R18 unapata 629, hakuna shida. Wengi wanakimbilia 225/40R18 kwa sababu ndo zimejaa madukani, hiyo ni 637, karibu asilimia 2 zaidi, spidi mita ikisoma 100 wewe uko kama 102, sio dhambi ila angalia isikwaruze fenda ukikata usukani mpaka mwisho au ukipakia watu nyuma. Kinachoniuma mimi ni ubavu: 215/45 una karibu milimita 97, 215/40 una 86. Hizo milimita 11 ndo zilikuwa zinakulindia rimu kwenye shimo. Kama njia ya kwenda kwako ni rafu rodi, baki na 17, ile injini ya farasi 210 haihitaji 18 ili ifurahi. Ila uamuzi wako, najua kijana anataka gari ionekane.

SWALI: Sasa boss, niko Nairobi na Mark X 2.5, pesa ya tairi nne sina saa hii, niko na ya mbili tu. Fundi anasema mpya ziwekwe mbele ndio usukani ukuwe poa. Nifuate yeye?

JIBU: Hapana, weka nyuma. Tairi za mbele zikiteleza kwenye maji gari inanyooka tu na wewe unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta taratibu inarudi. Za nyuma zikiteleza gari inageuka, na mpaka ujue kinachoendelea uko unaangalia ulikotoka. Michelin wanashauri hivyo hata kwa gari za kuvutwa na miguu ya mbele, wewe wako ni wa kusukumwa na ya nyuma ndo kabisa. Ila kama Mark X yako ni ile ya four, inayozungusha miguu yote minne, rudi juu usome jibu la mdau wa STI.

SWALI: Assalam alaykum. Nipo Muscat, Mustang GT yenye 255/40R19 mbele na 275/40R19 nyuma. Za nyuma zinaisha haraka, naweza kuzungusha mbele na nyuma? Na petroli stesheni wananiuzia hewa ya naitrojeni, ni lazima?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kuzungusha mbele na nyuma haiwezekani, saizi ni mbili tofauti. Kulia na kushoto unaweza, mradi tairi haina mshale wa mwelekeo ubavuni. Ikiwa na neno OUTSIDE peke yake bila mshale hamna neno, hakikisha tu hilo neno linabaki nje. Nyuma kuisha haraka kwa V8 ni kawaida, na mguu wako nao unachangia, wewe unajua.

Kwa joto la Oman hakikisha kwenye maandishi ya TEMPERATURE ubavuni kuna A, daraja la juu la kuvumilia joto, usinunue B hata kwa ofa. Naitrojeni haina madhara ila hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni, hela hiyo nunulia geji yako mwenyewe ya kupimia upepo. Pima asubuhi kabla hujawasha gari, tena sio ile upande mmoja umeshapigwa jua, fuata namba ya kwenye mlango. Na ukipima mchana umetoka safari ukakuta imepanda psi nne tano usiitoe, itashuka yenyewe ikipoa.